Usiitwike Raha Mzigo wa Maana: Vidokezo 9

Muulize mtu anayetoka harusini saa nane za usiku, viatu mkononi na jasho mgongoni: "Ulipata raha?" Atakujibu kabla hujamaliza swali. Kisha muulize huyohuyo: "Maishani una furaha?" Hapo atanyamaza kidogo. Pengine atasema "namshukuru Mungu," pengine atataka kujua kwa nini unauliza. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba maswali hayo mawili hayafanani.

Lugha yetu imejaliwa hapa. Raha tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ni mapumziko. Starehe imetoka kwenye mzizi uleule. Furaha ni ya moyo. Kuridhika ni kulipokea fungu lako bila kinyongo. Heri inapita yote hayo, maana mtu wa heri si lazima umkute anacheka. Wagiriki wa kale nao walibishana kuhusu jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Aristotle alishikilia kwamba maisha mema ni yale ambayo mtu anautenda ubora uliomo ndani yake. Epicurus akashikilia kwamba raha ndiyo wema wa kwanza. Wanasaikolojia wa leo wameurithi ubishi huo na kuuongezea vipimo.

Mimi nina upande wangu. Naona taabu zetu nyingi zinatokana na kuituma raha ikafanye kazi ya maana, au kuituma maana ikafanye kazi ya raha. Mtu ana upweke, ananunua televisheni kubwa zaidi. Mwingine amechoka hadi mifupa, anaambiwa avumilie kwa kuwa kazi yake ina thawabu. Vidokezo hivi nimewaandikia hao wawili, na wewe unayejiona katikati yao.

1. Igawe wiki yako safu mbili

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika yaliyokupa raha wiki hii wakati uleule ulipokuwa ukiyafanya: soda baridi baada ya kushuka kwenye daladala, mechi ya Jumamosi, usingizi wa Jumapili mchana. Kulia andika yale ambayo ungeyataja kama miaka 40 ijayo mjukuu angekuuliza maisha yako uliyatumiaje. Andika yaliyo kweli, hata kama yanakutia haya.

Wazazi wengi hushtuka wakifika kwa watoto. Mtoto hakai safu ya kushoto kirahisi. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas, Marekani. Kila mmoja aliigawa siku yake ya jana vipande vipande, akaeleza alijisikiaje katika kila kipande. Kulea watoto kuliwekwa chini ya kula, chini ya kukaa na marafiki, chini ya kuangalia televisheni, hata chini ya kupika. Wapo waliousoma utafiti ule wakahitimisha kwamba wazazi hujidanganya wanaposema watoto ni furaha yao.

Sikubaliani nao hata kidogo. Kumbembeleza mtoto mwenye homa saa tisa za usiku hakuna raha, na hakuna mama anayedai ipo. Lakini mwambie aifute saa ile katika maisha yake uone kama atakubali. Watafiti waliuliza swali la safu ya kushoto, wasomaji wakalipokea kama jibu la safu zote mbili. Sisi wenyewe hufanya kosa hilohilo kila siku. Tunaipima ndoa kwa raha ya wiki moja. Tunaipima kazi kwa uchovu wa Jumatatu.

Ukikuta jambo linalofaa kuandikwa pande zote mbili, lipigie duara. Usiitupe karatasi hiyo, tutairudia.

2. Usiionee haya raha

Tumelelewa kuishuku. Mtu akisema anapenda raha, tunamwona mvivu au mfujaji. Epicurus mwenyewe jina lake liligeuzwa kuwa sifa ya walafi, ilhali aliishi na marafiki zake kwenye bustani huko Athens kwa mkate na maji, na imesimuliwa kwamba aliwahi kumwomba rafiki ampelekee jibini kidogo ili siku akitaka afanye karamu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: raha inayokuachia maumivu kesho ni hasara, na raha zilizo bora huwa zinapatikana kwa urahisi.

Embe dodo lililopozwa kwenye maji. Kuoga baada ya kutwa juani. Shuka lililofuliwa na kuanikwa upeponi. Chagua raha tatu zisizozidi nauli yako ya siku, ujipe moja kila siku, na usimtolee mtu yeyote maelezo. Raha ndogo haihitaji kustahiliwa.

3. Iache njaa ifanye kazi yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoliwa fedha.

Mwaka 1971 Philip Brickman na Donald Campbell waliandika kwamba binadamu huizoea neema haraka kama anavyoizoea harufu ya chumba. Unakimbia, miguu inakwenda, lakini mahali ni palepale. Mwaka 1978 Brickman na wenzake wakawatafuta watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois na kuwalinganisha na watu wa kawaida. Washindi hawakuwa na furaha iliyozidi kwa kiasi cha kutajika. Jambo lililonigusa zaidi ni jingine: walikuwa wakipata raha ndogo zaidi katika mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki, kula kifungua kinywa au kusikia kichekesho. Donge lile kubwa la fedha lilikuwa limeipunguza chai ladha.

Watu 22 ni wachache, na haki inadai niseme kilichofuata. Mwaka 2020 watafiti watatu, Lindqvist, Östling na Cesarini, walichapisha matokeo kuhusu maelfu ya washindi wa bahati nasibu nchini Sweden. Waliopata fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao kwa jumla, hata baada ya zaidi ya miaka kumi. Lakini walipoulizwa kuhusu furaha, ongezeko lilikuwa dogo zaidi. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba fedha haileti kitu. Inaleta, na inachokileta zaidi ni utulivu wa kujua kwamba ada imelipwa na paa halivuji. Raha ya ulimi haiongezeki kwa kasi ile.

Sasa tazama mwezi wa Ramadhani pwani. Kutwa mtu hajaonja kitu. Jua linazama, adhana inaadhiniwa, mkono unaifuata tende. Tende ileile iliyokuwa dukani mwezi uliopita bila kuangaliwa. Kisha uji wa pilipili manga, kisha muhogo wa nazi, tambi, kaimati. Hakuna mkahawa unaoweza kukuuzia ladha ya tonge lile la kwanza, kwa kuwa limepikwa na njaa yako mwenyewe. Funga ina makusudio yake ya ibada na sitaki kuyashusha yawe mbinu ya mapishi. Ninachosema ni kwamba watu wa dini wamekuwa wakilijua jambo hili karne nyingi: kinachokatazwa kwa muda hurudi kipya.

Basi ipe kila raha nafasi ya kukosekana. Pilau ikiliwa kila siku inakuwa wali. Kama kila jioni unapitia chipsi mayai, ruka siku tatu. Kama una wimbo unaoupenda mno, usiufanye mlio wa simu.

4. Pambanua kutaka na kupenda

Kuna vitu tunavitaka sana na hatuvipendi. Mwanasaikolojia Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi ndani ya ubongo wa panya. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakuwa na haja ya kuinuka kufuata chakula, hata wangekufa njaa. Lakini ukiwatilia kitu kitamu mdomoni, bado waliramba midomo kwa kuridhika. Utamu waliuonja, hamu ya kuufuata ndiyo iliyotoweka. Ubongo una njia moja ya kutamani na nyingine ya kufurahia, na njia hizo zinaweza kuachana.

Mfano wa pili umo mfukoni mwako. Unafungua simu uangalie saa, unaiweka chini dakika 40 baadaye umeona video za watu usiowajua, na kama ungeulizwa ni ipi uliyoipenda usingeikumbuka hata moja. Ulitaka, hukupenda.

Jipimie hivi: jambo likiisha, jiulize kama umeshiba. Ukimaliza kula samaki wa kupaka, unashiba. Ukimaliza kuzungumza na dada yako, unashiba. Jambo lisiloshibisha hata ukilirudia mara mia, lipunguzie muda.

5. Msindikize mgeni

Kumbukumbu haihesabu dakika. Mwaka 1993 Kahneman na wenzake waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya baridi kali mara mbili. Mara moja kwa sekunde 60. Mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile, kisha sekunde 30 za ziada ambapo maji yalipashwa joto kidogo tu, bado yakiuma. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu liliisha vizuri zaidi.

Wazee wetu hawakuhitaji ndoo ya barafu. Mgeni husindikizwa. Humwachi akajifungulia mlango. Unatoka naye, unafika naye njiapanda, mnasimama tena pale mkikumbuka lililosahauliwa, na mara nyingi neno zito la ziara yote husemwa hapohapo. Siku nzima ya mazungumzo hukumbukwa kwa hatua zile mia. Zitunze dakika za mwisho za kila jambo: za safari, za mlo, za siku. Usilale na ugomvi.

6. Tafuta mzigo unaokufaa

Sasa twende safu ya kulia.

Mwaka 2013 Roy Baumeister, Kathleen Vohs na wenzao walichapisha utafiti wa watu wazima 397 wa Marekani. Walitaka kujua maisha yenye furaha na maisha yenye maana yanatofautianaje. Mara nyingi mawili hayo huenda pamoja, lakini yana mahali yanapoachana. Kupata unachokihitaji kuliambatana na furaha, si na maana. Kupokea kuliambatana zaidi na furaha. Kutoa kuliambatana zaidi na maana. Na waliosema wana wasiwasi na misukosuko mingi walikuwa na furaha pungufu, lakini maisha yao waliyaona yana maana zaidi.

Ukitaka kuliona hilo bila kufungua kitabu, nenda msibani. Hakuna raha pale. Wanaume wanachimba kaburi juani, wanawake wanalala chini kwenye mikeka, vijana wanachota maji, masufuria ya watu mia yako jikoni. Mtu ameacha biashara yake siku tatu. Lakini muulize mwaka mmoja baadaye kama alipoteza wakati, atakushangaa. Na yule aliyefiwa atakutajia, jina kwa jina, waliokuja. Sijui utafiti wowote wa maana uliofanywa kwenye matanga, ila kama ningekuwa mtafiti ningeanzia hapo.

Mzigo unaokufaa una alama mbili. Ukiuacha, kuna mtu atakayeona pengo. Na kuubeba hakukufanyi uwe mtu usiyemtambua. Kumfundisha mtoto wa jirani hesabu jioni mbili kwa wiki kunatosha. Kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kunatosha, na wenye kazi hiyo wanajua uzito wake. Kumwosha mzee asiyejiweza kunatosha na kuzidi.

Nikomeshe hapa kosa moja ninalolisikia mara kwa mara. Mwaka 2014 Shigehiro Oishi na Ed Diener walichapisha ulinganisho wa nchi 132. Watu wa nchi maskini, Sierra Leone na Togo zikiwemo, walikuwa wepesi zaidi kusema maisha yao yana kusudi au maana kuliko watu wa nchi tajiri, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilielezwa na dini. Kumbe katika ripoti ya furaha duniani inayotolewa tangu 2012, ambayo humwomba mtu ajiweke kwenye ngazi ya hatua 0 hadi 10, Finland imeshika nafasi ya kwanza mwaka baada ya mwaka kuanzia 2018, nasi wa Afrika Mashariki tunaonekana nusu ya chini. Basi utamsikia mtu aliyeshiba akisema: waacheni, wao wana maana ya maisha. Hapana. Maana haijazi sufuria wala haileti dawa zahanati. Watu wale wameulizwa maswali mawili, wakajibu yote mawili kwa ukweli, na jibu la ngazi linadai barabara, maji na mshahara unaotosha.

7. Thawabu isiwe kamba shingoni

Kidokezo hiki ni cha mzaliwa wa kwanza. Ni cha muuguzi wa zamu za usiku, cha mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani, cha mama ambaye hajakaa chini kula chakula cha moto tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Ni cha ndugu yetu aliyeko Muscat, Dubai au Toronto, ambaye simu yake ikiita jioni anajua kabla ya kupokea: salamu itaanza na shikamoo, itapita kwenye afya ya shangazi, itaishia kwenye "nitumie kidogo."

Wewe una maana nyingi. Safu yako ya kulia imejaa, huwezi hata kupata pa kuandika. Ya kushoto iko tupu. Na kila ukilalamika unaambiwa Mungu atakulipa, nawe unaona haya kuwa ulichoka. Nakuambia waziwazi: kuchoka kwako hakupunguzi thawabu yako, na maana haiwezi kukupa kile ambacho usingizi peke yake unakitoa. Hata ng'ombe wa maziwa hutiliwa pumba kabla ya kukamuliwa. Wanaokupenda wangetaka ule. Wasiojali watakuona mbaya ukikataa mara moja, na ni vizuri uwajue.

Tenga kiasi chako kila mwezi, hata kama ni kidogo, ukiite jina lake: fedha yangu. Usikiguse kwa ajili ya mtu mwingine ila kukiwa na ugonjwa au kifo. Chagua nusu siku kwa wiki ambayo simu inazimwa. Na katika kutoa, kataa kuwa bomba ambalo kila mtu anafungulia. Chagua jambo moja unaloliona. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton waliwapa watu bahasha zenye dola 5 au 20 wazitumie siku ileile. Waliotumia kwa ajili ya wengine walimaliza siku na furaha zaidi ya waliojinunulia vitu, na ukubwa wa fedha haukuleta tofauti. Mwaka 2013 Aknin na wenzake wakaonyesha kwamba jambo hilo lipo Kanada na lipo Uganda vilevile: aliyekumbushwa alivyotumia fedha zake kwa ajili ya mwingine alijisikia vizuri kuliko aliyekumbushwa alivyojinunulia. Lakini furaha hiyo hupatikana vizuri zaidi pale mtoaji anapotoa kwa hiari yake na kuyaona matunda. Kwa hiyo badala ya kutuma kidogo kidogo kwa watu kumi na wawili kwa shingo upande, mlipie ada mtoto mmoja, umwambie akupigie picha ya daftari lake kila mwisho wa muhula. Wale wengine kumi na mmoja watasema. Waache waseme.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo wenyewe nao una mwenyewe wa kuutunza.

8. Kabla hujaacha kazi, ibadilishe kazi

Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926, alitunga Utubora Mkulima, hadithi ya kijana anayeiacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima. Kitabu kilitoka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki, na wengi waliokisoma shuleni walibaki na ndoto hiyo ya jembe na kijiji. Ni ndoto nzuri. Lakini wengi wetu tuna kodi ya nyumba tarehe 5.

Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliwachunguza wafanya usafi wa hospitali moja nchini Marekani. Baadhi walisema kazi yao ni kupiga deki. Wengine, kwa kazi ileile na mshahara uleule, walijiona sehemu ya watu wanaomponya mgonjwa: waliwajua wagonjwa, walizungumza nao, waliangalia nani hakuwa na wageni siku hiyo. Hakuna bosi aliyewaagiza.

Katika kazi yako tafuta kipande kimoja ambacho binadamu fulani anafaidika nacho, ukiongezee dakika kumi. Kama mwajiri anakupunja, huo ni mgogoro mwingine na dawa yake ni chama cha wafanyakazi. Usikubali maana itumiwe kufidia mshahara.

9. Rudi barazani

Leta ile karatasi. Angalia uliyoyapigia duara.

Nimewaomba watu wengi wafanye zoezi hili, na duara huangukia mahali palepale: kula pamoja, kuimba kwaya, maulidi, kumsuka nywele binti huku mkizungumza, kucheza bao, kusaidiana kujenga, kupika kwa ajili ya harusi ya mtu mwingine usiku kucha huku mnaimba. Karibu kila duara lina mtu wa pili ndani yake.

Utafiti mrefu kuliko wote wa aina yake unasema vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia vijana 268 wa chuo hicho. Baadaye wakaunganishwa na wavulana 456 wa mitaa ya kimaskini ya jiji la Boston. Wamefuatiliwa hadi uzeeni, kisha watoto wao. Robert Waldinger, anayeuongoza sasa, ameeleza kwamba walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi wakiwa na 80. Kiwango cha lehemu katika damu hakikubashiri vizuri kama urafiki.

Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja waliliweka jambo hilo kwenye ukuta. Nje ya mlango wa nyumba walijenga baraza ya mawe, kiti kisichoingizwa ndani wakati wa mvua wala kuuzwa wakati wa shida. Mpita njia anaketi bila kualikwa. Hapo mzee anapata kashata na kahawa chungu, ambayo ni raha tupu. Hapohapo habari ya mgonjwa inafika, mchango wa harusi unapangwa, ugomvi wa kaka wawili unasuluhishwa, mtoto anaulizwa kwa nini hakwenda chuoni. Ukimwuliza mzee yule kama amekaa pale kwa raha au kwa maana, swali lako hatalielewa, na ana haki.

Nyumba za sasa zina geti na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Sikulaumu, wezi wapo. Lakini benchi la mbao linatosha, au jamvi chini ya mwembe, au viti vinne vya plastiki mbele ya duka la jirani. Panga siku moja ya wiki, saa ileile, na watu walewale watatu. Usiwatafutie ajenda. Simu zikae mfukoni. Anayeumwa afuatwe nyumbani kwake, baraza ihamie huko.

Muuza kahawa hupita baada ya alasiri, birika lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Leo akipita, toka nje, na mwite jirani ambaye hujamsikia sauti yake wiki hii.